Tumsikilize Mtoto Kabla ya Kumpa Jibu



Katika sura ya sita ya Injili ya Yohane, Bwana wetu anauona umati wa watu wenye njaa, na kabla ya kutenda lolote anamuuliza Filipo swali la hesabu: mikate ya kuwatosha watu hawa wote itanunuliwa wapi? Mwinjili anatueleza wazi kwamba Yezu mwenyewe alikwisha kujua atakalotenda. Aliuliza ili Filipo afikiri. Naye Filipo alipiga hesabu yake kama mtu aliyezoea soko, akakuta kwamba mikate ya dinari 200 isingetosha hata kila mmoja apate kipande kidogo. Bwana hakumcheka, wala hakumkemea kwa kushindwa kuliona jibu. Kisha Andrea akamleta mtoto mwenye mikate mitano na samaki wawili, na kutoka mikononi mwa mtoto huyo watu wote wakashiba.

Tumeanza na Injili hiyo kwa sababu tunataka kuzungumza nanyi juu ya kazi ya hesabu ambayo wadogo wenu huileta nyumbani kutoka shuleni. Mtu atasema kwamba jambo hilo ni la walimu, haliwahusu vijana wa Xaveri, wa Kiro, wa Skauti au wa kwaya. Sisi tunaona kinyume chake. Mtoto anayerudi shuleni kila asubuhi bila kuelewa huanza kwa kujificha nyuma ya wenzake. Baadaye husingizia ugonjwa siku ya hesabu. Mwishowe huliacha daftari na kwenda kuchunga mbuzi, kubeba mizigo mpakani au kulea watoto wa watu wengine. Wengi wa watoto hao hawakufukuzwa na mtu yeyote. Walijiondoa wenyewe kidogo kidogo, na mara nyingi safari hiyo ilianza jioni moja nyumbani, mbele ya zoezi ambalo hapakuwa na mtu wa kuwaelezea.

Jioni hiyo mtoto humwendea mkubwa wake na kumwambia: "Yaya, nisaidie hapa." Yaya mmoja hunyakua penseli na kuandika jibu mwenyewe ili aachwe kwa amani. Mwingine husoma zoezi kwa sauti ya ukali, huuliza mara moja, na mtoto asipojibu humwita mjinga. Wa tatu huketi kando yake na kumwambia: "Nieleze wewe kwanza, hapa wanasema nini?" Maoni yetu ni kwamba huyu wa tatu peke yake ndiye aliyesaidia. Mtoto anayekwama katika zoezi la hesabu mara nyingi amekwama katika maneno, au katika mpangilio wa hatua, wakati akili yake ya kuhesabu ni nzima kabisa. Kwa hiyo anayetaka kumsaidia aanze kwa kuyasikiliza mawazo yake, katika lugha anayoielewa, kisha amrudishe polepole kwenye lugha ya shule.

Mtego wa neno moja

Tuchukue zoezi la namna inayopatikana katika madaftari mengi ya mwaka wa tatu: "Paul a 15 mangues. Il a 6 mangues de plus que Marie. Combien de mangues Marie a-t-elle?" Mtoto analiona neno "plus". Amefundishwa kwamba "plus" ni kujumlisha. Anajumlisha 15 na 6, anaandika 21, na anafurahi kwamba amemaliza. Kesho yake anakuta alama ya kosa, na hajui kwa nini, kwa maana 15 na 6 ni 21 kweli.

Sasa mwambieni zoezi lile lile kwa lugha ya nyumbani: "Paulo ana maembe 15. Amempita Maria kwa maembe 6. Maria ana mangapi?" Neno "kupita" linamwonyesha mara moja nani yuko mbele na nani yuko nyuma. Hata mtoto asiyejua kuandika vizuri anajua kwamba aliyepitwa ana machache. Kama bado anasitasita, wekeni mawe 15 chini upande wa Paulo, mwambieni apange ya Maria hadi Paulo abaki amezidi kwa 6, naye atahesabu 9 kwa kidole chake mwenyewe. Baada ya hapo tu mrudisheni kwenye maneno ya Kifaransa na kumwambia: "Haya maneno 'de plus que' maana yake ni kumpita mwenzako. Jiulize kwanza nani amempita nani." Tangu siku hiyo neno hilo halitamtega tena kwa urahisi.

Tazameni jinsi ambavyo kuandika 9 kwa niaba yake kusingemfundisha lolote. Angekuwa na alama nzuri kesho, na kosa lile lile mwezi ujao, na pia katika mtihani wa taifa wa kumaliza shule ya msingi, ambako yaya hawezi kuingia naye.

Makumi yaliyojificha

Kuna jambo lingine ambalo sisi tuliokwisha kuzoea Kifaransa hatulioni tena. Kwa Kiswahili, 11 ni kumi na moja, 12 ni kumi na mbili, 16 ni kumi na sita. Namba yenyewe inajieleza: kuna kumi, na kuna kitu juu yake. Kwa Kifaransa, mtoto anaambiwa "onze", "douze", "treize", "quatorze", "quinze", "seize", na katika maneno hayo kumi imejificha kabisa. Inajitokeza tu anapofika "dix-sept". Mtoto anayejifunza kuhesabu kwa maneno ambayo hayajamwonyesha kumi, kisha akaambiwa apange makumi upande huu na mamoja upande ule, ana haki ya kuchanganyikiwa.

Vivyo hivyo kwa 70 na 90. Kifaransa cha shule zetu, ambacho tulikirithi kwa Wabelgiji, husema "septante" na "nonante". Lakini katika kitabu kilichotoka Ufaransa, au katika kipindi cha televisheni, mtoto atasikia "soixante-dix", yaani sitini na kumi, na "quatre-vingt-dix", yaani ishirini nne na kumi juu yake. Mkubwa asiyejua tofauti hiyo atamwambia mtoto kwamba amekosea, hali mtoto amesema kama mwalimu wake alivyosema. Kinamama wetu wanaposema "makumi saba" sokoni wanamfundisha mtoto mpangilio wa namba kwa uwazi mkubwa. Lugha hiyo isidharauliwe. Itumieni: "Septante ni makumi mangapi? Makumi saba. Haya, andika 7 upande wa makumi."

Njia mbili za kutoa

Mpeni mtoto zoezi la kutoa 27 katika 52, namba moja chini ya nyingine. Wengi watajibu 35. Kwa nini? Kwa sababu upande wa mamoja wanaona 2 juu na 7 chini, wanaona kwamba 7 haitoki katika 2, basi wanageuza na kutoa 2 katika 7, wanapata 5. Kosa hilo lina akili ndani yake. Mtoto ametafuta njia ya kutoka mahali alipokwama. Mkimuuliza "umefanyaje?" atawaeleza yote hayo, nanyi mtaiona hatua moja tu ya kunyoosha. Mkimwambia "umekosa, anza upya", ataanza upya na kukosa vile vile.

Fanyeni kama mnavyovunja noti. Hamsini na mbili ni vifungu vitano vya vijiti kumi kumi, na vijiti viwili peke yake. Vijiti saba havitoki katika viwili, basi tunakifungua kifungu kimoja: vinabaki vifungu vinne, na vijiti 12. Kutoa 7 katika 12 kunabaki 5, na kutoa vifungu viwili katika vinne vinabaki viwili. Jibu ni 25.

Lakini hapa ni lazima tuwape tahadhari. Iko njia nyingine iliyo sahihi vile vile, nayo imefundishwa kwa muda mrefu katika shule zinazofuata desturi ya Kifaransa: mtu huongeza 10 kwa 2 ya juu, ikawa 12, na kwa kusawazisha huongeza kumi moja kwa makumi mawili ya chini, yakawa matatu. Kutoa 7 katika 12 kunabaki 5, kutoa 3 katika 5 kunabaki 2. Jibu ni lile lile 25. Yaya aliyefundishwa njia moja akimwelekeza mtoto aliyefundishwa nyingine, na wote wawili hawajui kwamba njia ni mbili, jioni hiyo itaisha kwa machozi. Kwa hiyo swali la kwanza liwe: "Mwalimu wenu alifanyaje ubaoni? Nionyeshe mfano katika daftari." Heshimuni njia ya mwalimu. Mtoto mdogo hawezi kubeba mabwana wawili katika zoezi moja.

Hata simu, ambayo wengi wenu huitoa upesi mfukoni ili kupata jibu, huleta fumbo lake. Simu nyingi huandika nusu kama 0.5 na elfu moja kama 1,000. Shuleni kwetu nusu huandikwa 0,5 na elfu moja huandikwa 1.000. Mkato na nukta vimebadilishana kazi. Mtoto akiona 1,000 kwenye simu na kuinakili hivyo hivyo, mwalimu atasoma moja tu. Aliyeketi naye amweleze hivyo, au aiweke simu kando.

Soko letu na shule yetu

Kamanyola yetu imekaa mahali ambapo nchi tatu zinakutana katika bonde la Ruzizi. Mtoto wa hapa husikia faranga za Kongo, za Rwanda na za Burundi katika siku moja, pamoja na dola. Mtumeni mtoto wa miaka tisa auze nyanya za mama yake. Mteja ananunua za faranga 3200 na kutoa noti ya 5000. Mtoto haandiki popote. Anasema moyoni: kutoka 3200 kufika 4000 ni 800, kutoka 4000 kufika 5000 ni 1000, basi namrudishia 1800. Wala hakosei, kwa maana akikosea jioni ataulizwa. Mtoto huyo huyo akipewa shuleni zoezi la kutoa 3200 katika 5000, namba chini ya namba, huzama katika sifuri zile na kuandika jibu ambalo mchuuzi yeyote angelikataa.

Jambo hili si la kwetu peke yetu. Mwaka 1985 watafiti watatu walichapisha habari za watoto wachuuzi watano wa mji wa Recife, nchini Brazil. Walipoulizwa hesabu za bei wakiwa kwenye biashara yao mtaani, watoto hao walijibu sawasawa karibu maswali yote, 98 kwa 100. Walipopewa hesabu zile zile kwa namba tupu, kwa mtindo wa shule, walipata takriban 37 kwa 100. Watoto walikuwa wale wale na akili zao zile zile, ila hesabu ilikuwa imevuliwa nguo walizozifahamu.

Basi atakayemsaidia mtoto wa Kamanyola asimchukulie kama chombo kitupu. Amuulize: "Kama ungekuwa sokoni, ungefanyaje?" Kisha amwonyeshe kwamba njia yake ya kupanda kutoka 3200 hadi 5000 na njia ya ubaoni zinafika mahali pamoja. Mtoto akishaona kwamba alichokijua tayari ni hesabu ya kweli, hofu humtoka.

Wako pia wazazi wanaosema kwamba hesabu ni mambo ya Wazungu, na kwamba mtoto wao akishindwa ni sawa, maana si asili yetu. Vijana, wajibuni kwa heshima. Mwaka 1950, huko Ishango, mahali ambapo mto Semliki unatoka katika ziwa Edward, katika Kivu ya Kaskazini, mtaalamu wa Kibelgiji Jean de Heinzelin alifukua mfupa mdogo wenye mistari iliyochongwa kwa makundi, katika safu tatu. Unakadiriwa kuwa na umri wa miaka 20.000 hivi, na leo umehifadhiwa Brussels. Katika safu moja makundi yana mistari 11, 13, 17 na 19. Wataalamu wanabishana hadi leo juu ya maana yake. Lakini hakuna anayepinga kwamba mkono wa mtu wa nchi hizi ulichonga mistari hiyo kwa mpango, maelfu ya miaka kabla ya shule ya kwanza kujengwa kwetu. Hesabu haikuletwa hapa kwa meli.

Na Kifaransa je?

Tunasikia hoja moja ambayo ni ya haki na inahitaji jibu. Wako wanaosema: "Mtihani utakuwa kwa Kifaransa. Mkimweleza mtoto kwa Kiswahili au kwa Mashi, mnamharibia." Ni kweli kwamba mtihani utakuwa kwa Kifaransa, na sisi hatutaki mtoto yeyote wa parokia aingie humo bila lugha hiyo. Lakini anayepanda ngazi huweka mguu mahali alipo, kisha anainua mwingine. Mtoto akielewa jambo kwa lugha ya nyumbani, kinachobaki ni kujifunza majina mapya ya jambo analolijua. Akilikosa jambo lenyewe, atakariri sauti tu. Sisi makatekista tunalijua vizuri tatizo hilo: mtoto anaweza kutaja sakramenti saba kwa mfuatano bila kupumua, na ukimuuliza Ubatizo unamfanyia nini, ananyamaza.

Hata sheria ya nchi yetu haikatazi njia hii. Sheria ya elimu ya taifa ya mwezi wa Februari 2014 inakiweka Kifaransa kuwa lugha ya mafundisho, na papo hapo inazipa lugha za taifa na lugha za mazingira nafasi ya kutumika katika kufundisha na kujifunza. Kiswahili ni mojawapo ya lugha nne za taifa zinazotajwa na Katiba ya mwaka 2006.

Nasi Wakatoliki tuna shahidi mkubwa zaidi. Mtakatifu Yohane Mbatizaji de La Salle, aliyezaliwa Reims mwaka 1651, ndiye Papa Pio XII alimtangaza mwaka 1950 kuwa msimamizi wa walimu. Wakati wake, watoto wa Ufaransa walianza kusoma kwa Kilatini, lugha ambayo watoto wa maskini hawakuisikia nyumbani. Yeye aliamua kwamba katika shule zake watoto waanze kusoma kwa Kifaransa, kwa sababu ndiyo lugha waliyozungumza na mama zao. Walikuwapo waliomlaumu kwa kuishusha elimu. Kanisa limemhesabu kati ya watakatifu wake. Anayemfuata mtakatifu huyo leo hapa Kamanyola hatafanya kosa kuanza na lugha ya mama.

Ni kazi ya nani?

Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika tamko lake juu ya elimu ya kikristu la tarehe 28 Oktoba 1965, ulifundisha kwamba wazazi ndio walezi wa kwanza na wa msingi wa watoto wao. Fundisho hilo halikuweka sharti la kujua kusoma. Mama asiyejua herufi hata moja anaweza kumsaidia mtoto wake kila jioni kwa maneno mawili: "Nieleze ulivyofanya." Mtoto anapomweleza mama, anajisikia mwenyewe akiongea, na mara nyingi anakuta kosa lake kabla mama hajasema neno. Baba anaweza kutenga saa moja ambayo binti yake hatatumwa maji wala kuosha vyombo, ili naye awe na muda wa daftari kama kaka zake. Hayo ni malezi ya kweli.

Lakini pale ambapo zoezi linahitaji mtu anayejua Kifaransa na hesabu, kazi inawaangukia ninyi. Tangu elimu ya msingi ya bure ilipoanza kutekelezwa Septemba 2019, kama Katiba inavyoagiza, watoto wengi ambao zamani wangebaki nyumbani wameingia darasani. Tunamshukuru Mungu kwa hilo. Walakini madarasa yamejaa, na mwalimu mmoja mbele ya watoto wengi vile hawezi kumsikiliza kila mmoja aeleze mawazo yake. Anaandika zoezi, anasahihisha, anaendelea. Hatumlaumu; wengi wetu tuliosomea ualimu tunajua uzito wa kazi yake. Kile ambacho mwalimu hawezi kukitoa, yaani masikio ya mtu mmoja kwa mtoto mmoja kwa robo saa, ninyi mnaweza.

Na ikitokea kwamba zoezi lenyewe lina kasoro, ama namba ilinakiliwa vibaya ubaoni, ama sentensi haieleweki hata kwa mtu mzima, msimwambie mtoto kwamba mwalimu wake hajui kitu. Mkimvunjia mtoto heshima ya mwalimu, mmemwondolea nusu ya shule. Andikeni kwa penseli pembeni mwa daftari jinsi mlivyoelewa, na mtoto amwulize mwalimu kesho kwa adabu: "Bwana mwalimu, hapa hatukuelewa." Mwalimu mwema atafurahi kuulizwa. Kuuliza si utovu wa nidhamu: Yezu akiwa na umri wa miaka 12 alikutwa hekaluni katikati ya walimu, akiwasikiliza na kuwauliza, na Luka anaandika jambo hilo kama sifa.

Juu ya hasira tuseme neno moja. Fimbo na matusi hufukuza hesabu kichwani. Mtoto anayeogopa kofi huutazama mkono wako, halitazami daftari. Ukiona uvumilivu umekuisha, mwambie: "Tupumzike kidogo, nenda kanywe maji, tutarudi." Hilo si udhaifu. Katika nyakati hizi ambapo watoto wetu wamesikia milio ya risasi kuliko watoto wanavyopaswa kusikia, na wameona shule zikifungwa na kufunguliwa tena, saa ya utulivu kando ya mtu anayewapenda ni dawa pia.

Tunapendekeza jambo linaloweza kuanza juma hili, bila bajeti na bila barua ya mtu yeyote. Kila kikundi cha vijana kitenge saa moja katika juma, kabla au baada ya mkutano wake, na kuwaalika watoto wa shirika lake waje na madaftari. Kila kijana achukue mtoto mmoja au wawili, wala asizidishe. Mawe, vijiti na visoda vitatosha kuwa vifaa. Sheria ziwe tatu: mtoto aeleze kwanza, msaidizi asiandike katika daftari la mtoto jibu ambalo mtoto hakulipata, na kabla ya kuachana, mtoto afanye zoezi moja la namna ile ile peke yake, bila msaada. Akiliweza, mmemsaidia. Asipoliweza, mmejua mahali pa kuanzia juma lijalo.

Anayetafuta utume wa kishujaa ataliona pendekezo hili kuwa dogo mno. Tunamkumbusha kwamba siku ile jangwani mitume walikuwa na hesabu sahihi mikononi, dinari 200 na zaidi, na hesabu hiyo iliwaambia tu kwamba haiwezekani. Mtoto ndiye aliyekuwa na mikate. Wadogo wenu wana mikate yao midogo ya akili, na wanawaletea kila jioni katika daftari lililokunjamana. Ipokeeni mikononi, muwaulize wana mingapi, na muwe na subira ya kungoja jibu lao.